Elfu Hamsini Mezani: Gharama ya Kujifunza Poka Ukiwa Arua

Kijana wa Onduparaka mwenye simu ya intaneti na shilingi 50,000 za ziada anaweza kujifunza poka akaielewa vizuri. Kuzipeleka hizo 50,000 kwenye meza ya pesa ni jambo jingine kabisa. Mimi simshauri, na hesabu zenyewe ziko hapa chini ili kila mtu azipime.

Tuanze na sheria, maana inawagusa wengi. Sheria ya Uganda ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kwa pesa. Mwenye miaka 20 anaruhusiwa kupiga kura, kuoa, na kuishangilia Onduparaka FC pale Green Light mpaka sauti ikauke, lakini dau la pesa hapana. Kama hujafika umri huo, njia zako ni zile za bure tu. Habari njema ni kwamba njia hizo ndizo zinazofundisha zaidi.

Sasa bei. Kwenye tovuti kubwa za poka, meza ya chini kabisa ya pesa ina madau ya lazima ya senti 1 na senti 2 za dola. Mchezaji hukaa akiwa na dola 2, yaani madau makubwa mia moja. Dola tuihesabu kwa shilingi 3,600: kiti kimoja ni shilingi 7,200. Inaonekana ndogo, na hapo ndipo wengi wanapoingia. Lakini karata zina tabia ya kumgeukia hata mchezaji hodari kwa wiki nzima, kwa hiyo wenye uzoefu hawakai mezani bila akiba ya viti 20, na wengine husema 30. Viti 20 ni shilingi 144,000. Elfu hamsini yako ni viti saba kasoro. Inaweza kuisha siku ambayo hukukosea lolote.

Na tuseme umefaulu. Mchezaji mzuri wa meza hiyo, akiisha kukatwa asilimia ya mwenye tovuti, anaweza kutarajia kama madau makubwa matano kwa kila mikono mia (mkono ni mgao mmoja wa karata). Hiyo ni senti 10, shilingi 360. Meza moja ya mtandaoni hugawa mikono sitini na kitu kwa saa, kwa hiyo saa nzima ya kukodoa macho inakupa karibu shilingi 230, ambazo hazitoshi chapati moja. Hapo tumezungumzia mchezaji mzuri. Anayeanza yuko upande wa pili wa hesabu: ndiye anayemlipa huyo mzuri.

Kuna pia gharama zisizotajwa kwenye matangazo. Bando la intaneti hubeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku, na VAT ya asilimia 18 iko juu yake. Ukitoa pesa kwa mobile money, serikali inachukua asilimia 0.5, na kampuni ya simu ina ada yake. Kubadilisha shilingi kuwa dola kisha dola kuwa shilingi, unapoteza kila upande. Anayeshinda shilingi 360 kwa mikono mia hana pa kuzificha ada zote hizo.

Basi linganisha na pakiti ya karata kutoka dukani, ambayo ni elfu chache tu na haihitaji chaji wala mtandao. Wengi wetu tumekulia kwenye mchezo wa karata wa matatu, na anayeicheza vizuri tayari ana nusu ya akili inayohitajika: anakumbuka zilizotoka, anamsoma mwenzake, anajua kungoja. Kinachobaki ni hesabu ya bei, na hiyo hujifunzwa kwa njugu badala ya shilingi.

Kaeni watu wanne, kila mmoja na njugu 100. Mchezo uwe ule unaotawala mtandaoni, Texas Hold'em: karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Chukua mfano huu. Una kopa mbili mkononi na mezani zimelala kopa mbili nyingine, imebaki karata moja kufunguliwa. Katikati kuna njugu 8, mwenzako anaongeza 4. Ufuate? Ukiweka 4, jumla inakuwa 16, kwa hiyo unanunua kwa robo: asilimia 25. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 46 usizoziona, chini kidogo ya asilimia 20. Bei imezidi thamani, weka karata chini. Kama mwenzako angeongeza 2 tu, ungelipa 2 kati ya 12, chini ya asilimia 17, na hapo kufuata ni halali. Ukiweza kufanya hesabu hiyo bila kalamu, wenzako wakikupigia kelele, umewapita wengi wanaolipa dola kujifunza. Ree mbili mkononi, kwa taarifa yako, huja mara moja katika mikono 221, kwa hiyo anayezingojea tu atazeeka mezani.

Programu za chipu za bure ni hatua ya pili. Zynga Poker iko tangu 2007 na haikulipi wala haikudai pesa ili kucheza. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, kwa hiyo tumia programu yenyewe ya simu. Inafundisha mpangilio wa zamu na thamani ya mikono kwa haraka kuliko kitabu. Udhaifu wake ni kwamba chipu ikiwa bure kila mtu hufuata kila kitu, na ukianza kuamini hao ndio wapinzani wa kweli utajenga tabia mbaya. Jambo la kukataa moja kwa moja ni kununua chipu zao kwa pesa halali, kwa sababu chipu hizo hazigeuki kuwa pesa tena.

Mashindano yasiyo na kiingilio yana zawadi ndogo za pesa kweli, na yanaweza kukuchosha. Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 2000, alijaribu kuanzia sifuri kwa njia hiyo mwaka 2006. Ilimchukua takribani miezi saba kufikisha dola 6.50. Nasema hivyo kwa sababu vijana husimuliwa zaidi habari ya Chris Moneymaker, aliyeingia kwenye shindano la ubingwa wa dunia kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni akachukua dola milioni 2.5 mwaka 2003. Ni kweli tupu, ila kwenye shindano hilo walikuwa watu 839.

Kwa video za mafunzo, punguza ubora wa picha, au soma maandishi, kwa sababu saa moja ya video hula mamia ya MB wakati meza ya poka yenyewe hula kidogo sana. Walio Koboko na kuelekea Oraba mpakani wazime roaming: simu ikinasa mnara wa ng'ambo, salio linaweza kuisha kabla hujajua. Mtandao ukikatika katikati ya mkono, saa ya mezani haikungoji, na karata zako zitahesabiwa umeziacha. Eneo letu la West Nile limeunganishwa na gridi ya taifa ya umeme tangu 2024, lakini aliyeweka dau bado aanze na betri iliyojaa.

Aliyetimiza miaka 25 na bado anataka meza ya pesa asubiri mpaka awe na zile 144,000, ambazo si karo, si mtaji wa duka, na wala si mkopo wa simu. Aulize kwanza kama kampuni ina leseni ya Bodi ya taifa inayosimamia michezo hii. Kwa tovuti ya ng'ambo isiyo na leseni hapa, pesa yako ikizuiliwa hakuna ofisi ya Kampala utakayogonga mlango wake. Na usiache kwenye akaunti zaidi ya unachochezea mwezi huo. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka, na mojawapo, Full Tilt, ambayo Ferguson alikuwa mmoja wa vigogo wake, ikagundulika haina pesa za kuwarudishia wateja. Wachezaji wa Marekani kwenyewe, wenye mahakama na mawakili, walianza kulipwa 2014.