Zilidoda Dukani, Zikavunja Rekodi Mnadani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haikosei sokoni kwenye maembe, lakini kwenye saa za kifahari za michezo imeumbuka. Saa kadhaa zinazotajwa leo kwa bei za kutisha ndizo zilizokuwa zikijitembeza zilipotoka: wateja waliziangalia, wakaguna, wakapita. Kabla hujatoa akiba yako ukitumaini kuja kuuza bila hasara, visikilize kwanza visa vya saa hizi bingwa.

Rolex iliyouzwa ghali kuliko zote

Tarehe 26 Oktoba 2017, mjini New York, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman kwa dola 17,752,500. Ni saa ya chuma cha pua, ya kutia ufunguo kwa mkono, na haina hata tarehe. Mgongoni pamechongwa maneno ya mkewe, Joanne Woodward, akimsihi aendeshe gari kwa uangalifu, kwa kuwa bwana huyo alikuwa mpenzi wa mashindano ya magari.

Mwaka 1984 Newman alimuuliza kijana aliyekuwa akikarabati kibanda cha juu ya mti nyumbani kwake: saa ngapi? Kijana, aliyekuwa na uhusiano na bintiye, akajibu kwamba hana saa. Newman akaivua yake, akampa.

Uso wa saa ile, wenye viduara vya rangi tofauti na miraba midogo kwenye alama zake, haukupendwa miaka ya 1960. Kwa kuwa haukununuliwa, ulitengenezwa kidogo, na uchache huo ndio unaolipiwa leo.

Chuma kilichojivuna kuliko vyote

Mwaka 1972 Audemars Piguet ilitoa Royal Oak, iliyochorwa na Gérald Genta kwa usiku mmoja. Pete yake ina pembe nane, na skrubu nane zimeachwa wazi bila haya. Bei ilikuwa faranga za Uswisi 3,300, juu ya saa nyingi za dhahabu za wakati huo. Watu walishangaa: chuma kwa bei hiyo? Mauzo yalianza kwa kusuasua. Leo nafasi ya kuinunua dukani kwa bei rasmi yenyewe ni bahati.

Genta huyohuyo aliichorea Patek Philippe saa ya Nautilus, iliyotoka mwaka 1976. Toleo lake la 5711 liliposimamishwa mwaka 2021, saa 170 za mwisho zilipewa uso wa rangi ya buluu ya duka la vito la Tiffany. Dukani ziliuzwa dola 52,635. Desemba mwaka huohuo moja ilipelekwa mnadani na kuuzwa dola 6,503,500. Usipige hesabu zako kwa bei hiyo: mapato ya saa hiyo yalikwenda kwenye hisani, na matajiri walikuwa wakishindana hadharani. Bei za Nautilus za kawaida nazo zilipanda mno siku za korona, zikafika kilele mwanzoni mwa 2022, kisha zikaporomoka. Walionunua kileleni wanajua uchungu wake.

Iliyosafiri mbali zaidi

Omega Speedmaster ilizaliwa mwaka 1957 kwa ajili ya mashindano ya magari. NASA iliitesa kwa majaribio, likiwemo la kukaa saa 48 katika joto la nyuzi 71, na mwaka 1965 ikaithibitisha kwa safari za anga. Julai 1969 Buzz Aldrin alitembea nayo mwezini. Neil Armstrong aliiacha yake chomboni, kwa sababu saa ya chombo ilikuwa imeharibika.

Kwa sifa zote hizo, Speedmaster mpya ya chuma ilikuwa bado chini ya dola 10,000 mwaka 2024. Hutengenezwa kwa wingi, kwa hiyo haitakutajirisha. Lakini ukitaka kuiuza, mnunuzi hakosekani.

Ya kuzama kina kirefu zaidi

Rolex Deepsea Challenge ya mwaka 2022 imehakikishwa kwa mita 11,000, kina kinachopita sakafu ya bahari popote duniani. Ina upana wa milimita 50, na kioo chake kina unene wa milimita 9.5. Mpiga mbizi wa kujifurahisha hashauriwi kupita mita 40. Rolex Submariner, yenye mita 300, inamtosha na kumbakia, inaingia chini ya mkono wa shati, na huuzika upesi. Hizo mita 10,700 za ziada ni za kusimulia tu.

Nyembamba na nyepesi kupindukia

Mwaka 2022 Bulgari ilitoa saa ya milimita 1.80, miezi michache baadaye Richard Mille ikaja na 1.75, mwaka 2024 Bulgari ikarudi na 1.70. Mwaka huohuo Mrusi Konstantin Chaykin akaonyesha ya 1.65. Richard Mille RM 27-05 ya mcheza tenisi Rafael Nadal ina gramu 11.5 bila mkanda. Rekodi za namna hii hazidumu, basi usilipie rekodi ukidhani unalipia thamani.

Yenye kumbukumbu ya Maskati

Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970, Rolex ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London zikiwa na nembo ya khanjari, lile jambia la Kiomani. Askari wa Kiingereza waliopigana katika vita vya Dhofar, nchini humo, walitunukiwa baadhi yake. Jambia dogo usoni linapandisha bei mara nyingi, lakini fundi akiubadilisha uso huo, thamani yake imekwenda.

Inayosoma Kiswahili kuliko zote

GMT-Master ilitoka mwaka 1955 kwa marubani wa shirika la ndege la Pan Am. Ina mshale wa ziada wa saa 24 na pete inayozunguka. Isogeze pete robo mzunguko kwenda kulia, ile pembetatu ya juu ikae penye tatu. Asubuhi wenzako wakisoma saba, mshale wako utasema moja, kama bibi alivyokufundisha.

Basi ununue ipi?

Chagua unayoweza kuivaa hata isipopanda bei senti moja. Tunza sanduku, risiti na kadi ya dhamana. Usikubali fundi aing'arishe mpaka kingo zake zilainike, wala asitupe kipande chochote cha asili. Usikimbilie inayogombewa mwaka huu, kwa maana foleni hupita. Yule kijana wa kibandani hakuwa mwekezaji. Alipewa saa ili ajue saa ngapi, akaivaa miaka mingi.