Plastiki Ipi Yafaa kwa Kuba la Spika?

Sanduku la spika la ukumbini kwa kawaida huwa na spika mbili ndani yake: kubwa ya sauti nene, na ndogo ya sauti nyembamba. Hiyo ndogo mara nyingi ina kuba mfano wa kuba la msikiti, lenye upana wa milimita 25 hivi, jembamba kama karatasi. Likipasuka, watu husema spika imekufa, nayo hutupwa. Kumbe haikufa. Sauti nene bado yasikika. Zinazopotea ni f, s na sh, na mwanafunzi aliyeketi nyuma hajui kama mwalimu amesema "fika" au "shika".

Kuba jipya laweza kufanyizwa kwa karatasi ya plastiki. Hupashwa moto mpaka ilegee, kisha huvutwa kwenye kalibu kwa pampu ya kunyonya hewa, ikapoa na umbo lile. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Ugumu uko katika kuchagua plastiki, maana twataka iwe nyepesi, isipinde ovyo, izime mlio wake upesi, wala isilegee kwa joto la koili iliyogandishwa ukingoni mwake. Sijaona moja yenye sifa hizo zote.

Wenzangu wengi hukimbilia chupa ya maji. Hiyo ni poliesta, nayo ina sifa njema katika kazi hii: spika ndogo T27 ya kampuni ya KEF ya Uingereza, iliyotumiwa katika spika LS3/5A ya BBC miaka ya 1970, ilikuwa na kuba la poliesta. Lakini plastiki ya chupa imekwisha kuvutwa kiwandani. Ukiipasha moto hujikunja kama ngozi mbichi juani. Poliesta isiyovutwa, ile ya visanduku vya keki, hukubali umbo vizuri, ila huanza kulegea karibu na digrii 75, na koili ya spika inayopigwa kwa nguvu hupita joto hilo.

Majalada ya PVC nayaacha kabisa, kwa kuwa yakizidi moto hutoa moshi wa asidi. Polistirini ya vikombe vya mtindi hufinyangika kirahisi, lakini huvunjika upesi, na gundi nyingi huiyeyusha.

Polipropilini ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Ni nyepesi kuliko zote hizi, gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, nayo huzima mlio vizuri mno. Kwa sababu hiyo wahandisi wa BBC waliichagua miaka ya 1970 kwa spika za sauti nene. Kwa kuba dogo ina kasoro mbili: hupinda upesi, tena gundi haiishiki. Koili ikibanduka, kazi yote ni bure.

Basi mimi nachagua polikaboneti. Uzito wake ni gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo, ni ngumu kuivunja, gundi huikubali, na hailegei mpaka karibu digrii 147. Lakini hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo ikaushwe kwanza kwa digrii 120, la sivyo hufanya vipovu. Kuifinyanga kwataka digrii 180 hivi. (Mpishi akikatalia oveni yake, ana haki.)

Sasa unene. Kuba lenye upana wa milimita 25 na kimo cha milimita 6 lina eneo kubwa kuliko duara lililokatwa, kwa sehemu 23 katika mia. Plastiki ni ile ile, kwa hiyo hukonda: karatasi ya milimita 0.125 hubaki kama 0.10. Tena haikondi sawasawa. Juu ya kalibu yenye kichwa, kilele hugusa kwanza, hupoa na kubaki kinene, huku ukingo ukikonda. Katika kalibu ya shimo huwa kinyume, nami napenda hiyo, kwa sababu ukingo ndio unaobeba koili.

Karatasi moja kama ukurasa huu hutoa makuba zaidi ya kumi. Kila moja lapaswa kuwa karibu gramu 0.07 likiisha kukatwa. Yapime kwa mizani ya maabara isomayo sehemu ya elfu ya gramu, kisha kwa spika mbili za ukumbi chukua mawili yaliyokaribiana uzito.