Ndege Husimama Baada ya Mita Ngapi?

Ndege kubwa ya abiria hugusa ardhi ikiwa na mwendo wa kama mita 65 kwa sekunde, na haina budi kusimama kabla njia haijakwisha. Kanuni ya kukadiria umbali huo hufundishwa shuleni: mraba wa kasi hugawanywa kwa mara mbili ya mchapuko hasi. Kanuni ni nyepesi. Taabu imo katika kupata tarakimu za kutia ndani yake. Anayetaka kuiga kutua kwa ndege katika kompyuta lazima ajue kwanza nguvu ya breki.

Hesabu kamili zimo katika vitabu vya marubani, ambavyo si rahisi kuvipata. Hata hivyo, Boeing na Airbus huwachapishia wapangaji wa viwanja vitabu vilivyo wazi kwa wote, vyenye grafu za urefu wa njia unaohitajika kwa kila uzito. Hapo ndipo wengi huteleza. Umbali wa majaribio hupimwa juu ya njia kavu, tangu ndege ikiwa mita 15 juu ya mwanzo wa njia mpaka isimame. Kisha sheria hutaka umbali huo usizidi asilimia 60 ya njia iliyopo, na grafu huwa imekwisha kutiwa tahadhari hiyo.

Na ichukuliwe grafu inayoonyesha mita 1,500. Umbali wa majaribio ni mita 900. Kushuka kwa mteremko wa digrii 3 kutoka mita 15 hula kama mita 290, zikabaki 610 za ardhini. Kwa hiyo mwendo hupungua kwa kama mita 3.5 kwa sekunde, kila sekunde. Aliyesahau asilimia 60 hubaki na mita 1,210, naye hupata 1.75 tu: ndege yake ina nusu ya breki! (Sekunde za kabla breki hazijashika zimeachwa kando, ingawa kila moja hula mita 65.)

Kosa la upande wa pili ndilo la kuogopwa. Tarehe 8 Desemba 2005, Boeing 737-700 ilitua katika uwanja wa Midway, Chicago, penye theluji. Kompyuta ya marubani ilikuwa imeonyesha kwamba njia ingetosha, kwa nafasi ndogo. Lakini hesabu yake ilidhani kwamba vifaa vya injini vya kugeuzia msukumo vingefunguliwa mapema. Vilifunguka kama sekunde 18 baada ya kugusa ardhi. Tena ilihesabu upepo wa nyuma kuwa kilometa 9 kwa saa, hali ulikuwa kama 15. Ndege ilivunja uzio, ikaingia barabarani na kugonga motokaa. Mtoto wa miaka 6 aliyekuwamo akafa.

Tangu Novemba 2021, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka hali ya njia itangazwe kwa tarakimu, kuanzia 6 kwa njia kavu hadi 0 kwa njia isiyofaa kutua, ili rubani ailinganishe na majedwali ya ndege yake.

Mwigaji aliyekwisha kupata breki sahihi bado ana hewa ya kuhesabu. Nairobi, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Ndege ileile, yenye uzito uleule, hutua huko kwa mwendo uliozidi kwa kama asilimia 8, na kwa kuwa kasi huingia kwa mraba, umbali wa kusimama huongezeka kwa kama asilimia 17.