Baridi inakuja, ngamia wanarudi uwanjani

Huku Sharqiya siku hizi, ukitoka msikitini baada ya alfajiri, utawakuta njiani: ngamia kumi, kumi na tano, wamefunikwa mablanketi, wanatembezwa taratibu pembezoni mwa barabara. Ndiyo dalili. Wakati wa joto, hali ikipita digrii 45, hakuna mtu mwenye akili atakayemkimbiza mnyama. Mazoezi yanarudi Oktoba, mbio zinaendelea baridi nzima mpaka kama Aprili.

Sisi tuliotoka Unguja ngamia tuliyemjua ni yule wa kinu cha mafuta, anazunguka mchana kutwa kukamua. Mchezo wetu ulikuwa ng'ombe wa Pemba. Kwa hiyo nilipohamia Ibra miaka hiyo, mbio hizi niliziona vurugu tu. Magari yanakimbia sambamba na uwanja, wenye ngamia wanapiga kelele kwenye redio, vumbi mpaka mdomoni. Sasa sikosi.

Wanaopendwa zaidi ni majike. Hupangwa kwa umri: wadogo hukimbia masafa mafupi, wakubwa hufika hata kilomita 8. Na mgongoni hakuna mtu, kuna roboti ndogo yenye fimbo, mwenyewe anaiendesha kwa rimoti kutoka garini, na sauti yake inasikika kwenye kispika. Watoto wetu wanacheka, lakini waelezwe ilikotoka. Zamani walipandishwa watoto wadogo, wengi wameletwa kutoka nchi maskini, wakaanguka na wakaumia. Imarati ilipiga marufuku walio chini ya miaka 18 mwaka 2005, na Qatar ikaagiza roboti kwa wahandisi wa Uswisi. Kuna wazee wanaolalamika kuwa ladha imepotea. Mimi sioni ladha gani hiyo.

Anayetaka kuona binadamu juu ya ngamia aende kwenye ardha. Pale wanakwenda wawili wawili bega kwa bega, na mabingwa wanasimama mgongoni mwa mnyama anayekimbia. UNESCO iliitia ardha ya farasi na ngamia ya Oman kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2018, na mbio za ngamia zikafuata 2020, kwa jina la Oman na Imarati pamoja.

Mwaka huu kwetu kuna jambo. Shemegi yangu wa Bidiya ana bakra, jike mchanga, aliyezaliwa hapo hapo zizini. Huu ndio msimu wake wa kwanza. Analishwa shayiri, tende, asali na maziwa, yaani wallahi anakula kuliko sisi. Kabla hajakimbia hata mara moja, amekuja mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka na bei nzuri. Pesa hizo zingelipa masomo ya kijana wao anayekwenda Uingereza, na ada inatakiwa Januari.

Dada yangu anasema uza. Shemegi anasema akishinda mbio moja tu bei itapanda mara kadhaa. Wote wawili wana haki, ndiyo tabu yenyewe. Mnyama akiteguka mguu siku ya kwanza, hakuna wa kumnunua tena isipokuwa kwa kuzalisha, tena kwa bei ya huruma. Na kijana, ambaye ndiye aliyemfundisha kufuata kamba tangu mdogo, kila akiulizwa ananyamaza. Nadhani anajua kwamba akifungua mdomo, ama atamkosesha baba ngamia au atamkosesha mama usingizi.

Mnunuzi ameambiwa asubiri mpaka mbio za kwanza. Zitakuwa asubuhi na mapema, kwa hiyo mnaokuja kutoka Maskati na watoto lazima mtoke usiku. Leteni makoti, jangwa kabla ya jua ni baridi kweli, na chupa ya kahawa. Mkimkuta shemegi uwanjani msimuulize habari za bei.