Kidonge cha sonona na wiki za kungoja

Baba akikosa usingizi wiki nzima, akawa hali, hasemi na watoto, familia nyingi za Shituru, hapa Likasi, huanzia farmasi. Muuzaji huchukua mkasi, hukata vidonge vitano vya amitriptilini, huvifunga kwenye kikaratasi, biashara imekwisha. Mgonjwa humeza siku tano. Kinywa kinakauka, usingizi unamwelemea, choo kinakuwa kigumu, na huzuni iko palepale. Siku ya sita anaacha, na ndugu wanasema dawa ya hospitali imeshindwa, twende kwenye maombi.

Dawa ile haikupewa muda. Kwa nini inauhitaji?

Serotonini ni kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na triptofani, sehemu ya protini inayopatikana kwenye maharage, karanga, samaki na mayai. Karibu asilimia 90 yake iko tumboni na haivuki kuingia kichwani. Ubongo hujitengenezea yake. Huko, seli ya neva huimwaga kwenye mwanya mwembamba ulio kati yake na seli ya jirani, kisha huivuta irudi ndani. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona iliyoidhinishwa Marekani Desemba 1987, huziba njia hiyo ya kurudi, na serotonini hukaa mwanyani muda mrefu zaidi. Hayo hutokea ndani ya saa chache tu.

Moyo hautulii siku hiyohiyo kwa sababu ubongo wenyewe lazima ubadilike: vipokezi vya seli hujirekebisha na, kwa maoni ya watafiti wengi, viungo vipya kati ya seli hujengwa polepole. Watu wa Shituru hawahitaji maelezo marefu hapa. Katika kiwanda chao cha shaba, kilichoanza mwaka 1929, umeme hupita kwenye matangi ya asidi usiku na mchana, na bamba la shaba hujijenga tabaka kwa tabaka kwa siku kadhaa kabla ya kutolewa. Kwa dawa za sonona ni wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6.

Wengi wameambiwa kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, basi. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa London walipitia tafiti za miaka mingi na hawakuona ushahidi thabiti wa dai hilo. Nakubaliana nao. Nisiokubaliana nao ni wale waliorukia kusema kwamba dawa zenyewe ni bure. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walichambua majaribio 522 yenye washiriki zaidi ya 116,000, na dawa zote 21 walizozipima zilisaidia kuliko vidonge visivyo na dawa ndani, ingawa kwa kiasi cha wastani.

Kiasi hicho cha wastani tukipokee kwa ukweli, hasa hapa Likasi. Kampuni ya madini ya Gécamines ilipoporomoka miaka ya 1990, mshahara, shule ya watoto, hospitali na unga wa bukari vilianguka pamoja nayo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mzee aliyepoteza kazi na heshima ya nyumbani kwa mkupuo mmoja hawezi kurudishiwa vyote kwa kidonge. Kidonge kinaweza kumrudishia usingizi na nguvu ya kuamka. Yaliyobaki yanataka watu. Nchini Uganda, katika wilaya za Rakai na Masaka, watafiti waliwakusanya wanakijiji wenye sonona katika vikundi vya mazungumzo mara moja kwa wiki, wiki 16, vikiongozwa na watu wa palepale waliofunzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha nafuu kubwa sana. Sioni parokia wala kanisa la Likasi linaloshindwa kufanya hivyo.

Anayeanza dawa asiichanganye na tramadoli, dawa ya maumivu inayomezwa ovyo siku hizi: zikikutana, serotonini inaweza kupanda mno, mtu akatetemeka, akatokwa jasho, akapata homa, hata akafa. Aliyewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, halali wala hachoki, amweleze daktari kwanza. Kijana wa chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Na mgonjwa akipata nafuu asikatishe dawa ghafla. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa iendelee miezi kadhaa baada ya dalili kuisha, kisha ipunguzwe kidogo kidogo.

Ndugu wa mgonjwa, vidonge vya amitriptilini vitunzeni ninyi, msimwachie pakiti nzima, kwa kuwa vingi kwa pamoja husimamisha moyo. Akisema amechoka kuishi, msimkemee na msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.