Slabu ya nyumba si sakafu ya ghala

Mahindi yanapovunwa katika vijiji vya Mbozi, mwenye nyumba ya ghorofa pale Ruanda au Mlowo huanza kupiga hesabu. Chumba cha juu kimekaa wazi na wanunuzi wa nafaka wanatafuta stoo. Kodi ya stoo ni fedha ya haraka, na mpangaji hana haja ya choo wala jiko. Lakini kuna swali ambalo aghalabu haliulizwi kabla ya kupokea kodi hiyo: slabu ile ilijengwa kubeba uzito gani?

Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wengi nchini wamevitumia kwa miaka mingi, slabu ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu ya kubeba mzigo wa kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba, mbali na uzito wa zege lenyewe. Sakafu ya duka hupigiwa kilo 400. Ghala ni jambo jingine kabisa: hupigiwa takriban kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo, na mzigo ukiwa mzito kuliko wa kawaida hesabu hupanda zaidi.

Gunia linavyopimwa

Mahindi makavu yana uzito wa kilo 700 hivi kwa mita moja ya ujazo. Magunia yakipangwa hadi kimo cha mita mbili, kila mita ya mraba hubeba zaidi ya tani moja, na yakiwa ya lumbesa ndiyo kabisa. Saruji ni nzito zaidi. Mifuko minne ya kilo 50 hutosha kujaza mita moja ya mraba, yaani safu moja tu ina kilo 200 na tayari imevuka kipimo cha nyumba. Safu kumi ni tani mbili.

Slabu haianguki siku hiyo hiyo, kwa kuwa mhandisi huacha akiba ya usalama. Ila akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya zege hafifu na makosa ya fundi, haikuwekwa kwa ajili ya biashara. Dalili za kwanza ni slabu kubonyea katikati, nyufa chini yake na mlango kuanza kukwama.

Njia za kuimarisha

Kubomoa si lazima. Njia ya kwanza ni kupunguza urefu ambao slabu inavuka bila kushikwa, kwa kuweka bimu na nguzo chini yake. Urefu ukigawanywa nusu, nguvu inayoikunja slabu hushuka hadi robo. Hata hivyo kuna mtego. Slabu ikishikwa katikati huanza kuvutika upande wa juu, juu ya bimu mpya, mahali ambapo pengine hapana nondo. Nondo za juu zisipoongezwa, ufa hutokea hapo. Nguzo nayo inataka msingi wake ardhini, si kusimamishwa juu ya sakafu ya chumba cha chini.

Njia ya pili ni kumwaga zege jipya lenye nondo juu ya lile la zamani. Uso wa zamani lazima uchokonolewe na kusafishwa ili mazege mawili yashikane. Sentimita tano za zege zinaongeza kilo 120 kwa mita ya mraba, na uzito huo hula sehemu ya faida.

Njia ya tatu ni kubandika mabamba ya chuma au tepe za kaboni chini ya slabu kwa gundi maalumu. Kazi huisha haraka na chumba hakipungui kimo. Udhaifu wake uko kwenye moto.

Moto hubadili hesabu

Wafanyabiashara wa nyanda za juu kusini wanaukumbuka moto wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, mwaka 2006. Dar es Salaam, soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Jengo hilo la zege la miaka ya 1970 halikubomolewa. Lilikarabatiwa, na mradi wa ukarabati huo pamoja na soko jipya pembeni ulitengewa zaidi ya Sh bilioni 28.

Zege haliwaki, lakini nondo ndani yake hupata joto. Ikifika nyuzi 550 hivi za Selsiasi, nondo hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na moto wa kawaida wa majaribio hupita nyuzi 800 kwa nusu saa. Kinachoikinga nondo ni unene wa zege linaloifunika. Viwango vilivyotajwa hutaka angalau milimita 20 kwa kuhimili saa moja, na hadi 35 kwa saa mbili. Fundi aliyelaza nondo juu ya mbao bila kuziinua ameondoa kinga hiyo.

Gundi ya tepe za kaboni hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hadi 80 tu. Kwa hiyo tepe zisizofunikwa kwa plasta ya kuzuia moto au mbao za jipsamu zisihesabiwe kabisa moto unapozuka.

Anayenunua jengo lililowahi kuungua na aangalie rangi. Mara nyingi zege lililopita nyuzi 300 hugeuka pinki. Nondo ikipoa hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake, zege haliirudishi.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi adai michoro ya jengo. Ikiwa haipo, mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi apime unene wa slabu, nafasi za nondo na nguvu ya zege, ikibidi kwa kukata vipande vya kupima. Makisio ya kazi yaonyeshe gharama ya kinga ya moto peke yake, kwani ndiyo hukatwa kwanza bei inapojadiliwa.

Novemba 16, 2024, jengo la biashara liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Gharama ya kupima slabu ilinganishwe na hasara ya aina hiyo, si na kodi ya msimu mmoja. Vipimo vikikataa, magunia yakae chini, sakafu ikiwa juu ya ardhi, na chumba cha juu kipangishwe kwa ofisi kama kinaruhusu.