Sura ya Tano: Mgonjwa Anapoombwa Kushiriki Utafiti

Mgonjwa akiambiwa hospitalini kwamba kuna utafiti unaendelea na anakaribishwa kushiriki, mara nyingi humjia fikra moja kati ya mbili. Ya kwanza: hawa wanataka kunifanya panya wao wa majaribio. Ya pili: nimebahatika, nitapewa dawa mpya iliyo bora kuliko ya wenzangu. Fikra zote mbili zimejengwa juu ya dhana ileile, kwamba daktari anajua tayari kipi kinafaa na anaficha. Utafiti wa haki hauanzi hivyo. Unaanza pale ambapo waganga wenyewe hawajui, na wamekubali kwamba hawajui. Daktari mwenye hakika kwamba tiba fulani inaponya na nyingine haiponyi hana ruhusa ya kumpa mgonjwa ile isiyoponya kwa kisingizio cha utafiti.

Nitalieleza jambo hili kwa utafiti mmoja uliofanyika hapa kwetu, ulioitwa FEAST. Ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule kule Muheza nchini Tanzania, na nyingine nne nchini Uganda. Aliyeuongoza ni Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi.

Swali lilikuwa hili. Mtoto mwenye malaria kali au bakteria kwenye damu anaweza kufikia hali ambapo damu haizunguki vizuri mwilini. Daktari huitambua kwa mikono yake. Hupitisha kiganja mguuni aone baridi imeanzia wapi. Hubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, akauachia, akahesabu. Rangi ikichelewa kurudi kwa sekunde tatu au zaidi, mtoto yuko hatarini. Katika hospitali za nchi tajiri, mtoto wa namna hii alikuwa akitundikiwa dripu na kupewa maji mengi kwa haraka. Ndivyo vitabu vilivyofundisha. Lakini ushahidi wa majaribio uliosimama nyuma ya desturi hiyo ulikuwa mwembamba, na katika hospitali isiyo na mashine za kupumulia hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba maji hayo yanaokoa.

Hapo ndipo utafiti ulipopata uhalali wake. Watoto waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wa pili maji yenye protini iitwayo albumini kwa haraka, na wa tatu hawakupewa maji ya haraka, bali dripu ya kawaida ya pole pole. Wote, bila kujali kundi, walipata dawa za malaria na za bakteria, oksijeni, na damu kwa aliyepungukiwa sana. Hakuna aliyeachwa bila tiba. Mzazi anapoelezwa utafiti wowote, jambo la kuuliza kabla ya mengine yote ni hilo: yule asiyepata dawa inayopimwa, atapata nini?

Si kila mtoto mwenye homa aliyeingizwa. Walichukuliwa wenye umri kuanzia siku 60 hadi miaka 12. Aliyekuwa akiharisha na kutapika aliachwa nje, kwa sababu kwake hapakuwa na swali: maji anayahitaji. Mwenye utapiamlo mkali naye aliachwa. Watu huona kukataliwa huku kama ubaguzi, au kama kunyimwa bahati. Kwa kweli ni kinga: umeachwa nje kwa sababu tiba yako inajulikana, au kwa sababu hatari kwako ni kubwa mno.

Na nani aliamua mtoto aingie kundi gani? Hakuna. Wodini palikuwa na bahasha zilizofungwa, zisizoonyesha kilichomo ndani, zimepangwa kwa namba. Akiingia mtoto, inafunguliwa bahasha inayofuata. Mtu anaweza kuona ni ukatili kuachia bahati nasibu jambo zito kama hili. Mimi naona kinyume. Daktari akiachiwa achague, huruma yake itamvuta kuwapa walio mahututi zaidi kile anachokiamini, na mwisho wa yote hatutajua kama waliokufa wameuawa na tiba au na ukali wa ugonjwa.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa ridhaa. Kwa kawaida mgonjwa au mzazi husomewa fomu kwa lugha anayoielewa, akauliza, akafikiri, akasaini. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Lakini mama anayeona mtoto wake anakata roho atasikiliza nini katika kurasa zile? Na dakika zinazopotea ni za mtoto. Kwa hiyo kamati za maadili ziliruhusu mzazi aliyeshindwa kupitia fomu nzima aelezwe kwa ufupi na akubali kwa mdomo, kisha hali ya mtoto ikitulia arudiwe, aelezwe kwa kirefu na kuombwa ridhaa ya maandishi. Nimeifikiria sana njia hii. Kwangu ni ya heshima kuliko kumsainisha mtu fomu asiyoweza kuisikia, ilimradi ile ziara ya pili ifanyike kweli, na mzazi akisema hapana, hapana yake iheshimiwe na tiba iendelee.

Kusema hapana ndiko kunakohitaji ulinzi zaidi katika nchi zetu. Wodi ya utafiti mara nyingi ina wauguzi wa kutosha, dawa zipo, vipimo ni bure. Mzazi maskini hukubali kwa sababu ya vitu hivyo, si kwa sababu ameelewa. Wengine hukataa kwa hofu ya damu, na pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, wanyonya damu wa masimulizi. Hofu hiyo haipaswi kuchekwa. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili madaktari watazame ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana. Kwa hiyo anayechukua damu aonyeshe kichupa, aseme ni sawa na kijiko kimoja cha chai, na aseme itapelekwa wapi.

Januari 2011, utafiti wa FEAST ulisimamishwa kabla ya muda. Kamati huru, ambayo kazi yake ni kuchungulia takwimu wakati watafiti wenyewe hawazioni, iliona kitu kisichotarajiwa. Hesabu ya mwisho ya watoto 3,141 ilionyesha kwamba katika saa 48 za kwanza, kati ya waliopewa maji ya haraka, walifariki takriban watoto 10 au 11 katika kila 100. Kwa wasiopewa, walifariki 7. Tiba iliyoaminiwa kwa miaka mingi ilikuwa ikiua. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wenye tahadhari zaidi kuhusu maji kwa watoto wa aina hii. Miaka mitano ya kungoja, mingi mno kwa maoni yangu.

Wako wazazi waliopoteza watoto katika makundi yale mawili ya maji ya haraka. Walikubali kwa nia njema, na watafiti nao walikuwa na nia njema. Naamini mzazi wa namna hiyo ana haki ya kuambiwa kilichogunduliwa, uso kwa uso, kwa lugha yake, hata kama mazungumzo yenyewe ni machungu kwa pande zote. Fomu nyingi za ridhaa siku hizi zina mstari unaosema matokeo yatarudishwa kwa jamii. Kabla ya kusaini, uliza yatarudishwa lini, na nani, na ukimtaka mtu huyo baada ya wodi ya utafiti kufungwa utampata wapi.